Kamba ya Fahali kwenye Mji wa Chumvi

Nianze na mimi mwenyewe, maana anayenisoma bila kunijua atadhani najisifu. Barafu unayoiona Port Bell, bandari ya Kampala, chini ya sangara, ile nzito isiyo na mapovu, ambayo ukiigonga inalia kama chupa, ni yangu. Nilianza na friji moja mbovu iliyotupwa nyuma ya nyumba za polisi za Nsambya, huko tulikozaliwa, watoto wa askari. Shule niliiacha darasa la tano. Leo nina mashine tatu za barafu, magari mawili, na nyumba Ntinda yenye geti linalojifungua lenyewe. Wapo watu wenye digrii waliokuja kuniomba kazi, na nikawapa. Sina kinyongo na elimu.

Mama wa watoto wangu alifariki, Mungu amrehemu, na watoto wakakua. Binti yangu ndiye aliyebaki nami, akinisaidia kuandika risiti. Nyumba ya Ntinda ina vyumba vingi kuliko watu. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu.

Ndipo akaja yule mama na chumvi yake.

Alikuwa akija Port Bell na lori la magunia, kutoka mji mdogo wa magharibi kabisa, chini ya milima ya Ruwenzori. Chumvi hiyo wanunuzi wake ni wale wanaotia samaki chumvi kupeleka Kongo. Mimi nauza barafu kwa wale wanaotaka samaki wabichi. Kwa hiyo pale bandarini tulikuwa mahasimu, na watu walitupa majina ya kazi zetu: yeye Mama Chumvi, mimi Mzee Barafu. Majina hayo yatatosha hapa.

"Mzee Barafu, bidhaa yako inakojoa," aliniambia siku ya kwanza, akiyaonyesha maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya gari langu.

"Na yako inawasha," nikamjibu.

"Yangu ukiifungua mwaka ujao utaikuta. Yako ukikawia kula chakula cha mchana, umefilisika."

Wapagazi wakacheka. Tangu ninunue mashine ya pili hakuna aliyethubutu kunicheka pale, na nikashangaa kwamba sikukasirika. Nikaanza kujua siku za lori lake. Nikaanza kuvaa shati safi siku hizo, na binti yangu akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Haikuchukua muda mrefu nikamwambia wazi kwamba namtaka, kwa ndoa. Yeye pia ni mjane, Mwislamu kama mimi, na watoto wake wako kwao. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Njoo kwetu na watu wako. Tutaongea huko." Halafu akanieleza desturi ya kwao, akicheka. Mwanamume anayeposa huja na mnyama, na yeye au mtu wake huishika kamba ya mnyama yule muda wote wa mazungumzo. Kaka wa mwanamke akiipokea kamba, posa imepokelewa, na mnyama huchinjwa siku hiyohiyo. Asipoipokea, unarudi na mnyama wako.

Alisema mnyama. Hakusema mnyama gani, kwa sababu kwao kila mtu anajua ni mbuzi. Lakini sisi watu wa Kampala ukitutajia mnyama na upande wa magharibi kwa pamoja, tunaona kitu kimoja tu: ng'ombe mwenye mapembe. Dada yangu mkubwa, aliyenilea pale Nsambya wakati baba akihamishwa kambi hii na ile, alimaliza kabisa. "Mwanamume wa mashine tatu akienda na mbuzi," alisema, "watadhani mashine zenyewe za kukodi."

Basi tukaondoka kabla ya alfajiri, watu watatu kwenye pikapu: mimi, dada yangu, na rafiki yangu wa utotoni, afande mstaafu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu kwa sababu ana sauti. Upande wa Mbarara tukasimama mnadani nikamchagua fahali mwenyewe. Mwekundu kama udongo wa kufyatulia matofali, mapembe yake yakitoka nje ya bodi ya gari kushoto na kulia. Njia nzima magari yalitupisha. Nasema kweli, hata mabasi.

Baada ya hapo nchi ikabadilika. Barabara ikashuka, chini kukawa na uwanda wa nyasi usio na mwisho, miti ya migunga imesimama mmojammoja, na swala wakila nyasi kando ya lami bila wasiwasi. Tembo sita walikuwa wamesimama ndani ya dimbwi kando ya njia. Afande akapunguza mwendo mpaka gari likakaribia kuzima. Dada yangu akashusha kioo, kisha akakipandisha haraka.

"Milima iko wapi?" nikauliza, maana Mama Chumvi alikuwa amenisifia milima yenye barafu juu, na mimi nilikuwa na shauku ya kikazi.

"Pale," akasema afande, akionyesha mawingu matupu.

Kwenye kizuizi cha kuingilia njia ya mji ule alitoka askari wa mbuga, kijana mtaratibu mwenye bunduki na viatu vilivyopakwa rangi. Alitusalimia, akazunguka gari, akamtazama fahali, fahali naye akamtazama.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Anakwenda kuposa," nikasema.

"Yeye?"

"Mimi. Yeye ananisindikiza."

Hakucheka. "Mzee, mji huu uko katikati ya mbuga. Ng'ombe haruhusiwi kulala hapa. Watu wana mbuzi wachache, na usiku wanalala nao ndani ya nyumba. Ng'ombe akilala nje, simba anakuja mpaka mlangoni kwa watu. Na simba akija kwa watu, watu wanamfuata, na mimi ndiye naingia katikati."

"Tutamlinda," akasema afande kwa ile sauti yake.

"Na nyinyi atawalinda nani?" Askari akaangalia jua. "Pitisheni. Lakini nitakuja kabla ya magharibi. Nikimkuta hai, mnatoka naye njia hiihii mliyoingilia. Mkitoka mmetoka, usiku sifungui."

Hapo ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Fahali ilibidi achinjwe kabla jua halijazama, au arudi. Kuchinjwa hawezi mpaka kamba ipokelewe. Na kamba haiwezi kupokelewa mpaka yule mama aseme neno ambalo alikuwa amekataa kunipa kule bandarini. Nilikuwa nimempangia mwanamke saa ya kukubali, na sikuwa nimekusudia.

Mji wenyewe nitausifu, hata kama wenyewe hawajui kuusifu. Umekaa kwenye kilima chembamba kati ya maziwa mawili. Upande mmoja ziwa kubwa la samaki, linaendelea mpaka Kongo. Upande wa pili, chini kwenye shimo kama bakuli, ziwa dogo la chumvi, rangi yake kama chai ya maziwa iliyopoa. Barabara ni moja. Ngiri walikuwa wamepiga magoti kwenye uwanja wa mpira wakila nyasi, kama wamelipwa kuzifyeka. Kaloli, wale korongo wetu wa majalala ya Kampala, walikuwa wamesimama juu ya vichanja vya samaki, na nikafurahi kuona watu wa kwetu. Karibu na duka la mwisho kiboko mmoja mzee, mwenye makovu mgongoni, alikuwa amelala matopeni mchana kweupe. Mwanamke aliyebeba ndoo alimpitia kwa mbali kidogo, bila kugeuza shingo, kama unavyompita jirani msiyesemezana.

Watu walitoka nje walipoona mapembe. Hawakupiga vigelegele. Walimtazama fahali, wakatazama jua, kisha wakatutazama sisi.

Kaka yake Mama Chumvi alitupokea vizuri. Ni mtu mrefu, macho mekundu kwa sababu ya maji ya chumvi. Kazi yake ni kuvunja mawe ya chumvi ndani ya ziwa kwa mtaimbo. Alitukalisha barazani, chai ikaja. Afande alibaki amesimama uani akishika kamba, maana ndiyo desturi, na akatoa hotuba yake akiwa palepale, fahali akimpulizia kisogoni. Alianza vizuri na salamu na dua. Lakini alipofika kwenye sifa zangu alienda polepole mno, nikaona ananipunja. Nikamsaidia. Nikaeleza mashine tatu. Nikaeleza tangi la maji la Ntinda, na vigae, na geti.

Kaka yake akasikiliza mpaka mwisho. "Bado sijaruhusiwa kukuita shemeji," akasema, "kwa hiyo nikuite mgeni. Mgeni, mashine nimezisikia. Geti nimelisikia. Huyu fahali atalala wapi?"

"Halali," akasema dada yangu. "Mpokee tu, achinjwe sasa hivi, mambo yaishe."

"Mama, neno si langu. Nikishika kamba hiyo kabla hajasema, nitakuwa nimemwoza dada yangu kwa kumwogopa simba." Akaelekeza kidevu upande wa ziwa dogo. "Yuko kazini. Jua likiwa hivi haachi chumvi hata akija rais. Nendeni mkaongee naye. Nyama ya posa ambayo haijakubaliwa sisi hatuili, na mtaona wenyewe kwamba watu hapa wanaipenda nyama."

Kweli nilipogeuka nikamwona mtu amekaa juu ya jiwe nje ya ua, kisu ndani ya gunia, akingoja. Hakuna aliyemwita.

Nikashuka ziwani na dada yangu. Njia ni ya mteremko, na harufu inakupokea kabla hujafika, harufu ya yai lililosahauliwa. Chini, ukingo wote wa ziwa umekatwa vibwawa vya mraba, mamia, kila kimoja na kuta zake za udongo na vijiti, kama nyumba zisizo na paa. Mbali kidogo heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, wekundu-wekundu, vichwa chini, wakifanya kazi kama wengine wote. Dada yangu akakaa kwenye gunia tupu, akasema magoti yake yamefika mwisho.

Mama Chumvi alikuwa ndani ya kibwawa, maji yakimfika katikati ya miguu, akikwangua chini kwa ubao na kuvuta chumvi pembeni. Aliinua kichwa tu.

"Nimeyaona mapembe kutoka huku chini," akasema. "Nilikwambia mnyama, wewe ukaniletea mnara wa simu."

"Ulisema mnyama. Hukusema mbuzi."

"Nilifikiri una akili." Lakini alikuwa akicheka, na mimi nikapata moyo. Nikaanza kumweleza nyumba upya, maana labda Port Bell kwenye kelele hakusikia vizuri. Nikamweleza chumba cha upande wa mashariki, chenye dirisha refu.

"Na mimi nitakaa kwenye hicho chumba nikifanya nini?"

"Utapumzika."

"Nitatazama geti likijifungua na kujifunga."

Akanionyesha vibwawa vyake. Ni vitatu, alivirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Kuta zile kila msimu zinajengwa upya kwa mikono. Ukiziacha kiangazi kimoja tu, zinabomoka, ziwa linaingia, na mahali pako wanapewa wengine, kwa haki kabisa, kwa sababu wapo wanaongoja.

"Nitakuwekea mtu avitunze," nikasema. "Nitakuwekea watu wawili."

"Wewe mashine zako umemwekea nani?"

Mashine zangu nilikuwa sijawahi kumwachia mtu, ila siku ile moja. Asubuhi nilikuwa naziwasha mimi, jioni nazizima mimi. Binti yangu alisomea mambo ya umeme chuoni, kwa hela zangu, lakini nilikuwa nimemwambia akae kwenye risiti, kwa sababu mashine ya barafu ina tabia, na tabia zake nazijua mimi.

Mama Chumvi akatoka majini, akasimama kwenye ukuta wa udongo. Miguu yake ilikuwa myeupe mpaka magotini kwa chumvi iliyokauka.

"Sikukatai," akasema. "Usikie vizuri, maana wewe ukisikia nusu unamaliza mwenyewe. Mvua ikinyesha, hapa hatuna kazi. Vibwawa vinajaa maji ya mvua, chumvi inapotea, tunakaa tunatazamana. Miezi hiyo naweza kukaa popote, hata Ntinda, hata na hilo geti lako. Lakini jua likiwaka mimi niko hapa. Mwanamume anayenitaka mimi, jua likiwaka atakuwa hapa na mimi. Mume wa kwenye simu nilishakuwa naye, alikuwa dereva wa malori, sitaki mwingine."

"Jua likiwaka ndipo barafu inauzwa," nikasema.

"Najua. Kwani kwa nini sikukujibu kule bandarini?"

Mimi nayagandisha maji, yeye anayakausha, na wote wawili tunalitegemea jua lilelile la miezi ileile. Akaniangalia, akaliangalia jua, ambalo sasa lilikuwa limeshuka upande wa Kongo.

"Pandisha kilima," akasema, si kwa ukali. "Nimalize hiki kimoja kisha nakuja. Afande wako atachoka na ile kamba."

Nilipanda peke yangu. Dada yangu alisema atakuja na wanawake wengine, polepole. Katikati ya mteremko nikasimama, kwa sababu ya pumzi, tusidanganyane. Pale unayaona maziwa yote mawili. Niliuona mji wote kwenye mgongo wa kilima, na mapembe ya fahali wangu juu ya vichwa vya watu waliojaa uani, na vumbi la pikipiki ya askari wa mbuga likija taratibu kutoka kizuizini. Nikampigia binti yangu.

"Baba, mmefika? Wamekubali?"

"Mashine zikoje?"

"Zinafanya kazi," akajibu upesi mno.

"Nieleze ukweli."

"Ya pili iligoma asubuhi, ulipotoka tu. Nikaifungua, nikabadilisha feni. Imetoa barafu yote ya leo. Nilikuwa sitaki kukutia wasiwasi njiani, ungegeuza gari."

Ningegeuza. Yeye ananijua.

"Nani alikuonyesha kubadilisha ile feni?"

"Hakuna. Ila kila ukiitengeneza unaongea nayo kwa sauti, baba. Bandari nzima inajua unavyoitengeneza."

Nikamuuliza kama anaweza kuziendesha kiangazi chote, miezi ya wateja wengi, bila mimi.

"Uko wapi, baba? Umekunywa maji ya hilo ziwa?"

"Nijibu."

"Naweza. Lakini ukirudi usije ukaanza kunisimamia mgongoni. Ukinipa umenipa."

"Nimekupa," nikasema. Neno hilo lilinitoka jepesi kuliko nilivyotegemea.

Nilipofika uani watu walinipisha. Afande alikuwa amelowa jasho. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya polisi maisha yake yote, lakini fahali alikuwa amemvuta mpaka ukutani. Upepo ulikuwa umegeuka unatoka kwenye nyasi, na mnyama alikuwa amekataa majani na maji, pua juu, masikio mbele. Mbwa wa mji wote walikuwa kimya. Kaka yake Mama Chumvi alikuwa amekaa palepale barazani kama mtu anayepigwa picha. Askari wa mbuga akaegesha pikipiki, akamwamkia mwenye nyumba, akaegemea ukuta, macho kwenye jua. Jua lilikuwa limebakisha kama mkono mmoja juu ya ziwa.

Nikaichukua kamba kutoka kwa afande. Niliona ni sawa nishike mwenyewe.

Mama Chumvi akaja, chumvi mpaka viwikoni, dada yangu nyuma yake akihema. Watu wakajongea, nami nikafanya jambo ambalo wanaonijua hawakuliamini nilipowasimulia. Nilisema maneno machache.

"Jua likiwaka nitakuwa hapa, kwenye chumvi. Mvua ikinyesha atakuwa kwangu. Mashine ziko na binti yangu. Nimemaliza."

"Binti yako amekubali?" akaniuliza Mama Chumvi.

"Amekubali. Na amenipa masharti."

"Hayo ndiyo niliyotaka kusikia." Akawageukia watu. "Mmesikia wote? Kumbukeni, maana kesho atasema alisema mashine nne."

Watu wakacheka uani pote, hata askari wa mbuga akatazama viatu vyake. Mama Chumvi akamtikisia kaka yake kichwa, mara moja tu. Yule mtu mrefu akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akanijia, akaipokea kamba.

"Shemeji," akasema, "sasa sogea, huyu ni wangu."

Mwalimu wa msikiti alikuwepo, na mwenye kisu alikuwa amesimama kabla kamba haijamaliza kutoka mkononi mwangu. Wakamlaza kuelekea kibla, akachinjwa kwa jina la Mungu, na jua bado liko juu ya maji, kidogo, lakini liko. Halafu nikaona jinsi watu wa mji ule wanavyofanya kazi. Kila nyumba ilipata fungu lake na kila aliyepata aliondoka palepale. Damu ilifukiwa kwenye shimo la majivu, ua ukamwagiwa maji ndoo kwa ndoo, ngozi ikamwagiwa chumvi na kufungiwa ndani. Adhana ya magharibi ilipotoka ungeapa hapakuwa na ng'ombe pale. Askari wa mbuga alikataa nyama, akakubali chai, akaondoka. Simba hakuja. Mimi nilimsikiliza kwa muda, kisha nikalala usingizi mzito.

Asubuhi Mama Chumvi alituma mtu kuniita nje upesi. Nilitoka na kanzu tu. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Milima imesimama yote, ya bluu, mikubwa mpaka inakufanya urudi nyuma, na juu kabisa, mahali ambapo macho yalikuwa hayajafikiria kwenda, barafu. Nyeupe, inang'aa, hakuna mashine, hakuna waya.

"Ya nani ile?" nikauliza.

"Hata usianze," akasema. "Haiuzwi."

Nilifunga ndoa kabla ya mwezi kwisha, na kiangazi kilichofuata nikaenda. Maji yale yanauma. Kila mkwaruzo ulionao mguuni unaukumbuka. Siku za kwanza alinipaka samli kila jioni na kuniambia nakwangua kama mtu anayemkuna ng'ombe. Lakini nataka ijulikane kwamba mwisho wa msimu kuta zangu za udongo zilikuwa zimenyooka kuliko za wengi, na shemeji yangu mwenyewe alisema, mbele ya watu, kwamba kwa mtu wa Kampala si mbaya. Kule wananiita Mzee Chumvi. Mapembe ya fahali yametundikwa juu ya mlango wa ghala lao, na mgeni akiuliza anaonyeshwa mimi.

Barafu Port Bell haikusimama hata siku moja. Wateja wanasema iko vilevile. Mimi naona ni ngumu kidogo kuliko yangu, na bado natafuta namna ya kumwambia binti yangu bila kuvunja masharti.

Haya nayaandika bandarini, kwenye meza yake ya risiti, ambayo sasa ni yangu. Mvua ya kwanza imepiga leo tangu asubuhi, nzito, mabati yanaunguruma, wauza samaki wamejikunyata na hakuna mtu anayetaka barafu. Mwenzangu mmoja wa biashara amepita akanipa pole kwa msimu kuisha. Nimemshukuru. Muda mfupi uliopita simu imelia kutoka magharibi.

"Huko inanyesha?" ameuliza.

"Inanyesha vibaya," nimesema.

"Huku pia. Vibwawa vimejaa. Nimefunga mzigo, lori linaondoka kesho." Kisha akaongeza, "Hilo geti lifanye lijifungue vizuri. Nakuja na magunia."

Nimemtuma afande akalipake mafuta.